Maharagwe yamegoma na kuku amekuwa nyuzi: chili ya kuku kwa jiko la Mombasa

Swali: Shikamoo Bi. Mume wangu ni baharia, na melini walikuwa wakipikiwa chili, ile ya kuku na maharagwe mekundu yenye pilipili. Amerudi likizo hapa Bamburi na hana sifa nyingine ila za hiyo chili. Nikasema nitampikia. Nikaroweka maharagwe usiku kucha, asubuhi nikatia kila kitu sufuriani pamoja: maharagwe, vidari vya kuku, tungule, hoho, pilipili, na ndimu mbili nikakamua. Masaa matatu na nusu, mtungi wa gesi ukaisha, maharagwe bado yanagonga meno. Kuku amekuwa nyuzi. Pilipili inachoma ulimi na hakuna ladha nyingine. Mavyaa anasema maharagwe yalikuwa mabovu, nimwage. Maji ninayotumia ni ya kisima. Chakula bado kiko kwenye friza. Nimekosea wapi? Na je, nitie magadi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimwage. Sufuria hiyo inaokoleka, nitakwambia namna mwisho.

Mkono wako hauna kasoro, ulichokosea ni zamu. Umewapakia abiria watatu matatu moja na kila mmoja anashuka kwake: maharagwe yanayotaka saa nzima na zaidi kwenye maji matupu, kidari kinachoiva kwa dakika kumi na tano, na tungule na ndimu ambazo zikiingia mapema huyazuia maharagwe yasilainike hata uyapikie siku nzima.

Haragwe ndani yake ni vijumba vidogo mno vilivyoshikana kwa gundi ya mimea iitwayo pektini, hiyo hiyo inayofanya jemu igande. Tunaposema haragwe limeiva, gundi hiyo imelegea na vijumba vimeachana, ndiyo maana ukilibonyeza linakuwa kama uji mzito. Sasa, kitu kikali kama ndimu, siki, ukwaju au tungule huifanya gundi hiyo ishike zaidi. Wewe umetia tungule na ndimu mbili tangu mwanzo. Hata maharagwe mazuri yangegoma.

La pili ni kisima chako. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yakipita humo hubeba kalisi, na kalisi ikiingia kwenye haragwe huifunga gundi ile kama mtu anayepigilia misumari. Angalia ndani ya birika lako la chai. Ukiona ukoko mweupe umeshika chini na kwenye mdomo, ujue huo ndio unaopikia maharagwe. Watu husema maji ya chumvi hayaivishi, na wako karibu na ukweli, ila chumvi yenyewe haina hatia. Chumvi ya mezani ukiitia kwenye maji ya kurowekea, kijiko kimoja kikubwa kwa lita mbili, hulainisha ganda na kufanya punje zisipasuke ovyo. Adui ni chokaa. Kwa hiyo maji ya kurowekea na ya kuchemshia maharagwe yatoe kwenye bomba siku likitoka, au nunua dumu moja la maji matamu kwa wenye mikokoteni. Ya kisima yatumie kuoshea vyombo.

Na mavyaa wako pia usimpuuze, huenda ana haki kidogo. Maharagwe yaliyowekwa miezi mingi mahali penye joto na unyevu hupatwa na ugumu usiotoka kwa kuroweka wala kwa kuchemsha. Joto na unyevu ndio hali yetu ya mwaka mzima hapa, na gunia la bara likikaa kwenye stoo ya bati Kongowea mpaka msimu mwingine, linakuwa limeshakula chumvi nyingi. Ukienda kununua usitazame bei peke yake. Rosecoco mpya, hayo wengine wanaita nyayo, rangi yake ya chini ni ya maziwa na madoa yake yanang'aa. Yaliyozeeka yanaiva rangi, yanakuwa ya hudhurungi kama chai ya rangi. Wairimu, yale madogo mekundu ambayo mimi ndiyo ninayoyachagua kwa chili, yaliyozeeka yanapoteza mng'ao na yanakuwa kama yamepakwa vumbi. Nunua kibaba kimoja kwanza. Yapike nyumbani. Yakiiva vizuri rudi kwa muuzaji yule yule siku ya pili uchukue mengi.

Magadi umeuliza, na jibu ni ndiyo, lakini kwa kijiko cha chai, na robo yake tu. Magadi au bekingi soda hufanya kinyume cha ndimu, hulegeza gundi. Kwa nusu kilo ya maharagwe tia robo kijiko cha chai kwenye maji ya kurowekea, uyamwage asubuhi, basi. Ukizidisha, maharagwe yanakuwa tope, yanapata ladha ya sabuni, na vitamini B1 iliyomo inaharibika. Ukiwa na maji matamu na maharagwe mapya huhitaji magadi kabisa.

Kabla sijaenda kwa kuku, hili ni la usalama. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili, nayo haifi kwa moto wa chini. Dawa yake ni kuroweka masaa matano au zaidi, kumwaga maji hayo, kisha kuchemsha kwa nguvu, maji yakitibuka, angalau dakika kumi. Baada ya hapo punguza moto utakavyo. Nasema hivi kwa sababu siku hizi wengi wana sufuria za umeme za kupika polepole, na wengine wanatumia kikapu cha kuhifadhi moto ili kuokoa gesi. Vyombo hivyo ni vizuri kumalizia, si kuanzia. Haragwe lililopashwa moto bila kuchemka linaweza kukutapisha vibaya, na punje chache tu zinatosha. Ukiwa na sufuria ya presha ndiyo bora zaidi: yaliyorowekwa usiku, dakika kama kumi na tano tangu ianze kupiga mluzi, na mtungi wako wa gesi utakushukuru.

Utajuaje yameiva? Chukua mawili matatu kwenye kijiko uyapulizie. Ganda likijikunja na kupasuka, yamekaribia. Kisha bana moja baina ya kidole gumba na cha shahada. Lisitoe punje ngumu ya katikati. Usionje moja ukaridhika, onja matano, maana kwenye sufuria moja kuna yanayotangulia na kuna yanayochelewa. Maji yake usiyamwage. Yale mazito yenye rangi ndiyo mchuzi wako.

Sasa kuku. Umenunua vidari, nadhani kwa sababu vinaonekana safi na havina kazi. Kidari cha broila kina mafuta machache na hakina mshipa wa kulainika. Kikipita muda wake kinakamuka maji yote kinabaki uzi. Kwa chili nunua mapaja yenye mfupa. Paja lina utando na mafuta, na kadiri linavyokaa kwenye moto mdogo utando ule unayeyuka na kuwa ute unaoupa mchuzi uzito. Dakika thelathini na tano mpaka arubaini zinatosha. Ukitaka kienyeji, na kwa kweli ladha yake hailinganishwi, huyo mchemshe peke yake kwanza na chumvi na tangawizi, saa moja, au saa na nusu kama ni jogoo mzima, na supu yake utumie badala ya maji. Usimwoshe kuku kwenye sinki karibu na kachumbari; maji yanayoruka yanabeba vijidudu. Hilo halitaki hadithi.

Kwa watu sita, chukua maharagwe vikombe viwili makavu, mapaja kilo moja, vitunguu maji vikubwa vitatu, punje sita za thomu, hoho mbili, moja nyekundu ukiipata, na tungule sita zilizoiva hasa.

Mapaja yapangushe maji, yapake chumvi, yaweke kwenye mafuta ya moto upande wa ngozi chini, na uyaache. Usiyageuzegeuze. Yakishika rangi ya dhahabu yatajinyanyua yenyewe kutoka chini ya sufuria, yakikatalia bado. Yatoe uweke kando, hayajaiva na si neno. Katika mafuta hayo hayo tia vitunguu. Hapa ndipo wengi mnakimbia. Vitunguu vya chili vinataka dakika kumi na tano za moto wa wastani, vilegee, vipungue, viwe na rangi ya asali, na vile vilivyogandia chini ya sufuria uvikwangue kwa mwiko vichanganyike. Kisha hoho, kisha thomu.

Halafu viungo, na hapa ndipo panapoamua kama umepika chili au mchuzi wa kuku wa kawaida. Chili ina harufu yake, na harufu hiyo ni uzile. Huo huo uzile wa pilau. Nenda Marikiti ununue uzile mzima, si wa unga uliokaa kwenye pakiti ya plastiki mpaka ukasahau jina lake. Vijiko viwili vya chai ukaange mkavu kwenye kikaango mpaka uanze kunukia na rangi ibadilike kidogo, kama dakika moja na nusu, kisha uutwange. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha gilgilani iliyotwangwa, kijiko cha chai cha oregano kavu, ambayo duka kubwa lolote la Nyali linayo, mdalasini ncha ya kijiko, na vijiko viwili vikubwa vya pilipili nyekundu ya unga isiyo kali, ile ya Kashmiri au paprika. Hii ya mwisho ndiyo inayotia rangi na ule utamu wa chini ambao wewe umeukosa. Iliki na karafuu ziache kwenye kopo. Nakuomba. Najua mkono wa Mswahili ukishika kopo la viungo hauachi kitu, lakini ukitia iliki mumeo atakula akasema ni rosti nzuri, na hiyo siyo aliyoiomba.

Viungo vya unga vikiingia kwenye mafuta una nusu dakika, si zaidi. Koroga, vikinukia tu mwaga tungule zilizosagwa. Ukichelewa vinaungua na uchungu wake hautoki hata kwa sukari. Tungule zenyewe mimi huzichoma kwanza juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi, nikamenya nusu na nusu nikaiacha na weusi wake. Moshi ule kidogo ndio unaoleta kitu ambacho watu wa melini wanakipata kwa pilipili zilizokaushwa kwa moshi. Kama huna makaa, choma kwenye moto wa gesi kwa koleo, kazi ni ile ile.

Zipike tungule mpaka mafuta yapande juu. Rudisha kuku, tia vikombe vitatu vya maji ya maharagwe au supu, funika, moto mdogo. Nusu saa baadaye toa kuku, chambua nyama uondoe mfupa na ngozi, na ndipo maharagwe yako yaliyokwisha kuiva kando yaingie pamoja na nyama. Dakika ishirini bila kifuniko. Ndani ya dakika hizo maharagwe yananyonya viungo, na ile asidi ya tungule sasa ni rafiki: inayashika yasivunjike.

Uzito wa mchuzi unaweza kuupata kwa kuponda upawa mmoja wa maharagwe na kuurudisha. Mimi naongeza kijiko kikubwa cha unga wa mahindi uliokorogwa kwa maji baridi, na huo si ujanja wa Pwani. Texas na Mexico wanautia mchuzi uzito kwa unga wa mahindi pia, wao wakitumia wa mahindi yaliyopikwa kwa chokaa.

Mumeo akikuuliza hiki chakula ni cha wapi, mwambie asili yake ni Texas, na katika mji wa San Antonio akina mama walikuwa wakiuza chili viwanjani jioni kwenye masufuria, kama akina mama wetu wa viazi karai. Mwaka 1977 jimbo la Texas liliitangaza kuwa chakula chake rasmi. Na Wateksasi wenyewe wengi wanashikilia kwamba chili ni nyama ya ng'ombe na pilipili, haragwe halimo, sembuse kuku. Waache. Pilipili, maharagwe, tungule na mahindi vyote asili yake ni mabara ya Amerika, vikavuka bahari baada ya Wareno kuanza kusafiri huku na huko, hao hao waliotujengea Fort Jesus kuanzia mwaka 1593. Uzile ni mgeni katika sufuria hiyo, umetoka upande wa dunia ya huku kwetu. Kwa hiyo ukipika chili Bamburi hujaiga mtu, mnarudishiana vyombo.

Ukali nao. Kinachochoma kwenye pilipili huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Ukitupa pilipili mbichi kwenye mchuzi wa maji, kama ulivyofanya, ukali haukai mahali pamoja. Kijiko hiki hamna kitu, kijiko kile unalia. Pilipili zako mbili au tatu zikatekate uzikaange na vitunguu, ukali utasambaa sawasawa na utakuja taratibu, nyuma ya ladha nyingine. Na sehemu kali kuliko zote ni ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Ukwangue kama una watoto mezani.

Pilipili mbuzi ni jambo jingine. Harufu yake inapendeza mno, kama embe lililoanza kuiva, na mimi huitia nzima, na kikonyo chake, ielee juu dakika kumi za mwisho kisha naitoa kwa kijiko. Mwaka mmoja nilimwachia mpwa wangu mwiko nikaenda kuswali. Akakoroga kwa bidii kama anapika ugali. Niliporudi pilipili haionekani, imebaki ganda. Wageni wanane, na yule mkubwa wao, mzee wa heshima, akala kijiko kimoja, akanyamaza, akaomba maziwa. Si maji, maziwa, alikuwa anajua. Tangu siku hiyo naifungia kwenye kitambaa cheupe kama majani ya chai.

Ukali ukizidi kwako pia, usiongeze maji wala sukari nyingi. Ongeza maharagwe zaidi, na mezani weka maziwa lala. Yale mafuta ya maziwa na protini yake huuchukua ukali ulimini. Ndiyo kazi ya malai wanayoweka Wamarekani juu ya chili, na maziwa lala mazito yaliyochujwa kwenye kitambaa yanaifanya bila gharama.

Ndimu yako sasa imepata zamu yake: moto ukizimwa, nusu tu, au kijiko cha ukwaju mzito, ambao mimi naupendelea kwa sababu una utamu wake. Kotmiri juu. Na kuna kitu kimoja utaniona mwehu: kikombe kimoja kidogo cha kahawa chungu, ile isiyo na sukari ya wauza kahawa wa barazani, kitie dakika ishirini za mwisho. Wapishi wengi wa chili Marekani hutia kahawa au kipande cha chokoleti isiyo tamu. Haileti ladha ya kahawa, inaleta kina. Ya kwetu ina tangawizi ndani yake, ndiyo raha zaidi.

Najua swali lako linalofuata ni tui. Kila nikifundisha chakula hiki kuna mtu ananyanyua mkono kuuliza tui. Tui linaifunika pilipili na uzile, na utakachopata ni maharagwe ya nazi yaliyooa kuku. Chakula kitamu, nimekila na nitakila tena, lakini mumeo ameomba chili.

Mpe na wali mweupe, au chapati, au kama unapata mkate wa mofa uliotoka tanurini ndio wenyewe kabisa, unachovya na kufuta sahani. Parachichi pembeni. Ikilala usiku inakuwa tamu zaidi, lakini kwa joto letu haiwezi kulala mezani. Maharagwe yanachacha upesi. Ndani ya masaa mawili iwe kwenye friji, kwenye chombo cha chini kilicho wazi kwanza ili ipoe haraka, si sufuria nzima ya moto iliyofunikwa. Stima ikikatika usiku kucha na ukaikuta asubuhi ina povu jembamba na harufu ya ukakasi, hiyo ndiyo ya kumwaga.

Ile iliyo kwenye friza sasa. Iyeyushe ndani ya friji. Okota vipande vya kuku, hivyo usivipike tena. Vichambue uvitie kwenye sambusa na kitunguu kingi na kotmiri, unyuzi wake hautaonekana. Maharagwe yachuje kwenye chekeche, mchuzi uuhifadhi kwenye bakuli. Yasuuze maharagwe mara mbili kwa maji matamu ili ule ukali wa ndimu utoke, yafunike kwa maji matamu mapya, tia robo kijiko cha chai cha magadi, na uyachemshe kwa nguvu dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Yaonje baada ya nusu saa, kisha kila robo saa. Yakilainika mwaga maji hayo, kaanga vitunguu na uzile kama nilivyokueleza, rudisha mchuzi wako wa zamani, na umnunulie mumeo mapaja. Yakipita saa moja na nusu hayajalegea, basi mavyaa alikuwa amesema kweli, na itabidi umwambie.